Misa za Mwenye Ganti

Jumapili, tarehe 2 Novemba. Joto lilikaa ndani ya nyumba usiku kucha kama mgeni asiyeaga, na asubuhi, tukiwa kanisani, mvua ya kwanza ya maana ikaangukia mabati kwa nguvu hata padri akanyamaza, akangoja ipite. Haikupita. Tumerudi nyumbani tumelowa, mimi nikicheka peke yangu njiani, na mke wangu ameniuliza mara mbili kama ni mzima. Ni mzima. Ila nimebeba jiwe tumboni tangu nikiwa na miaka sita, na wiki hii limetoka. Ndiyo maana nimekaa kuandika kabla sijasahau lipi lilitangulia lipi. Mimi si mtu wa kalamu. Shule yangu iliishia primaire, ile ya msingi, na daftari hili huwa naliandikia hali ya hewa na vyuma nilivyookota, basi. Nikikosea, wenye umri wangu watanisahihisha, maana nao walikuwepo.

Ninyi mliokulia hapa Lubumbashi mwaka mmoja nami, mnakumbuka ndege zilivyokuwa. Kabla ya vita, ndege ilikuwa sikukuu. Ikipita tuliacha kila kitu, hata chakula, tukaikimbiza miguu mitupu mpaka mwisho wa kambi ya reli, huku tukiiagiza kwa sauti: ituletee mkate, ituletee viatu, ituletee na mjomba aliyekwenda mbali akasahau kurudi. Ilikuwa haituletei kitu, lakini hatukuchoka kuagiza. Leo mjukuu wangu akisikia ndege hainui hata shingo. Anayo ndani ya simu. Anaiendesha kwa kidole gumba, na ikianguka anabonyeza, inasimama tena. Simlaumu. Zetu zilipoanguka hazikusimama.

Halafu vikaja vile vita vya Katanga kujitenga, na mlio wa ndege ukawa kitu kingine. Mama alitufundisha kuingia chini ya kitanda. Alikuwa na neno lake, alilirudia hata miaka mingi baada ya vita kwisha: "Ndege ya sasa haileti kitu, inabebaka tu."

Baba alikuwa mtu wa reli, kama baba yake. Wazee wetu walitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi huku, Wakatoliki wa rozari kila jioni, na kila nyumba ya kambi ilikuwa na koti la reli linaning'inia mlangoni. La Baba lilikuwa la bluu nzito, vifungo vya shaba. Kiwiko cha kuume kilikuwa kimechanika, na Mama, kwa kukosa kitambaa kingine, alikitia kiraka cha kitenge cha maua makubwa. Wenzake walimcheka sana. Waliliita koti lile "Bustani". "Bustani inakuja," walisema wakimwona asubuhi. Yeye alilivaa hivyo hivyo. Alisema mwanamume anayeona haya kwa kiraka cha mke wake atembee uchi.

Siku ndege moja ya vita ilipoanguka ng'ambo ya Kasungami, kule kulikuwa bado ni pori na mashamba ya mihogo, si viwanja vya nyumba kama sasa. Sisi watoto tuliona moshi tu. Baba alikuwa shambani upande huo huo. Jioni hakurudi. Kesho yake hakurudi. Siku ya tatu, jua likiwa linaingia, alisimama mlangoni bila koti, shati lake lina damu iliyokauka kifuani na mkononi, na katika mfuko wa suruali ametia ganti moja ya ngozi, ile wengine wanaita glavu, ndefu mpaka juu ya kifundo, ya mkono wa kushoto.

Mama alilitazama shati. Nilikuwa nimeshika sketi yake, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe, sikuhadithiwa.

"Ni damu ya nani?"

"Si yangu," Baba alisema.

Akanawa, akala, akalala. Na katika nyumba yetu jambo lile halikuzungumzwa tena mpaka amekufa.

Askari walikuja siku iliyofuata. Walikuwa wamekuta ndege, hawakukuta rubani wala maiti yake. Walipita nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa kazini. Mama alisimama kizingitini akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajui kitu, na walimwamini kwa sababu ilikuwa kweli. Walipoondoka, alichukua ganti akakaa nayo mapajani. Kuitupa aliogopa, maana kwetu kitu cha mfu hakitupwi ovyo, kinarudi na mwenyewe. Kuiweka tu sandukuni aliogopa vilevile, maana kitu cha mfu kisichofanya kazi kinaanza kujitafutia kazi. Basi akapigilia msumari jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akaitundika. Tangu siku ile ganti ile ndiyo iliyoipua masufuria yetu. Bukari, yaani ugali, maharage, maji ya kuoga, yote yalitoka motoni kwa mkono wa kushoto wa mtu tusiyemjua. Kila mwezi aliipaka mawese ili ngozi isikauke. Alifanya hivyo kwa heshima, kama anayempaka mtu mafuta.

Mimi wiki ya kwanza sikula vizuri. Baadaye nikala. Mtoto hali hofu akashiba.

Sasa nimtaje Ilunga, na nimtaje kwa haki. Alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, ananizidi miaka miwili, na ndiye aliyenipa maneno ambayo nimelala nayo maisha yangu. Tulikuwa tunacheza magari ya waya, ya shaba safi, maana wakati ule waya wa shaba ulikuwa unaokotwa kama majani. Nilimpita kwenye kona. Akasimama akasema mbele ya wote, "Kwenu munapikiwaka na mufu." Kisha akaeleza, kama mwalimu: Baba yangu aliua muzungu wa ndege kule Kasungami, akamvua vitu, akamficha. Nilimrukia. Alinipiga vizuri sana. Kwa miaka mingi nilisema alinishinda kwa sababu ya ukubwa. Ukweli ni kwamba ngumi zangu hazikuwa na nguvu kwa sababu sikuweza kusema kwamba ni uongo.

Na bado, angalieni akili ya utoto, yeye ndiye tuliyekwenda naye kuiona ndege. Askari walipoacha kuilinda tulikwenda kundi zima, tukipita njiani tunakula masuku, yale matunda ya porini, mdomo wote utamu na mchanga. Ilikuwa imelala ubavu ndani ya mihogo. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota katikati yake. Tulichukua kila kilichong'oka. Vile vipande vya kioo cha plastiki, nani amesahau harufu yake? Ukikisugua kwenye kaptula kinanukia kama tunda ambalo hukuwahi kula. Tulivikata tukavifanya pete, tukawapa wasichana, na wasichana walizinusa kwanza kabla ya kuvaa. Bati la bawa lilichukuliwa na watu wazima. Fundi mmoja wa masufuria aliliyeyusha katika shimo la makaa, akamimina, na mwaka ule nusu ya mtaa ilipikia ndani ya ndege. Wanawake walisema zinachemka haraka. Mama peke yake alikataa. "Ganti inatosha," alisema.

Mimi nilichukua kibati kidogo chenye namba. Sijui kwa nini. Wenzangu walitaka vitu vya kuchezea, mimi nilitaka kitu chenye maandishi, na hata kusoma nilikuwa sijajua. Nilikificha ndani ya kopo la maziwa. Hicho ndicho cha kwanza. Leo mkusanyiko wangu umejaza chumba kizima, na watoto wa mtaa wananiita Papa Ndege, wengine kwa heshima, wengine nikishapita.

Turudi kwa Mama. Mwaka ule ule, siku ya wafu ilipokaribia, alikwenda kwa katekista kuandikisha marehemu wake wasomwe katika misa. Akataja baba yake, mama yake, watoto wake wawili waliokufa wachanga. Halafu akasema kuna mmoja bado. Katekista akauliza jina. Mama hakuwa na jina. Ndani ya ganti kulikuwa na herufi mbili za wino, R na V, lakini Mama hakujua kusoma, na hakutaka kumwonyesha mtu. Akasema, "Andika tu Mwenye Ganti."

Katekista aliandika. Na siku ya misa alisoma orodha kwa ile sauti yake ya puani, bila kutua: marehemu Kabange, marehemu Ngoie, marehemu Mwenye Ganti, marehemu Kyungu. Watu walidhani ni mkubwa fulani wa huko kwetu kaskazini. Mwaka uliofuata akanakili orodha ileile, na uliofuata, na hata yeye alipokufa katekista mpya alinakili kutoka daftari lake. Ndivyo parokia yetu inavyofanya mpaka leo: marehemu akishaingia kwenye orodha, hatoki.

Baba alikuwepo misa zote hizo. Kila mwaka, jina lile likisomwa, alichukua kofia yake akafunika uso wote, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilikaa kando yake. Nilihisi benchi linatikisika. Akimaliza alifuta macho. Kisha, tukitoka, alikuwa mpole kuliko siku zote: alitununulia mikate ya mafuta, akakaa nasi uani akinywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akatuachia tumpande mgongoni. Mimi nilikula mikate ile kwa woga. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni mikate ya mtu anayelilia dhambi yake. Niliomba kila mwaka wasiisahau misa, na niliomba pia waisahau.

Alikufa mimi nikiwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kazi. Hakusema neno. Mama alimfuata baada ya miaka mingi, na siku za mwisho aliniita akaniachia mambo matatu: nyumba isiuzwe, dada yangu asigombane na mke wangu, na la tatu hili. "Usimuache Mwenye Ganti. Hana mutu mwingine hapa." Kwa hiyo naye alikuwa anaamini kama mimi. Aliishi na mume wake, akampikia, akamzika, na muda wote ule aliamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno ya Ilunga.

Kazi yangu ilikuwa kuziba radiateur, zile rejeta za kupoza injini za magari. Fundi wa namna hiyo anapitiwa na vyuma vya kila aina, na wauza vyuma chakavu walijua kwamba chenye alama ya ndege nitakitenga. Hivyo ndivyo nilivyopata saa ya kupimia urefu wa anga, sindano yake imekwama. Kishikizo cha mkanda. Kipande cha usukani. Na vitu hivi, ukivitazama sana, vinaanza kuuliza wenyewe. Nyuma ya kiti kimoja mtu alikuwa amechora jina lake kwa msumari. Niliwasumbua mapadri waniandikie barua, nikasumbua walimu wa chuo kikuu kule Kasapa, na baada ya muda mrefu dada yake rubani aliyechora jina lile, mwanamke mzee, akajibu kutoka mbali. Alisema familia haikuwahi kujua ni wapi hasa kaka yao alianguka, na sasa anajua, anaweza kulala. Alituma na picha ya kaka yake. Niliitundika juu ya kiti. Nikampa pole kwa moyo wote.

Nikarudi jikoni, na kwenye msumari kuna ganti. Herufi mbili. Nilitafutia watu wengi wafu wao, lakini zile herufi mbili sikumwonyesha padri wala mwalimu. Nilijiambia hazitoshi kupata mtu. Nilijidanganya. Niliogopa kwamba zinatosha.

Majuma mawili yaliyopita alikuja nyumbani Mama Kavira. Ni mwanamke wa Kivu ya Kaskazini, Mnande, mlokole asiyekunywa hata munkoyo akishuku umechacha, na anauza samaki kwa jumla. Lori lake linakwenda Kasenga kila wiki. Lilikuwa linachemka, akaja kuniuliza kama mikono yangu bado inakumbuka kazi. Akapita jikoni kumsalimia mke wangu. Akasimama.

"Papa, hii ganti mulitoa wapi?"

Nikamwambia ni kitu cha zamani, cha marehemu mama yangu.

"Iko na ndugu yake kule Kasenga. Ya kuume. Iko mu nyumba ya mama mumoja ananiuzishaka samaki."

Nikasema ganti za ngozi ni nyingi duniani.

"Sawa, ni mingi. Lakini ile iko na R na V ndani. Angalia yako."

Sikuangalia. Mke wangu ndiye aliyeishusha akaigeuza, na wote wawili wakanitazama.

Nilikuwa na sababu nzuri za kutokwenda. Magoti. Barabara. Mvua zinazokaribia. Kwa siku nne nilizipanga sababu hizo kama vyuma vyangu. Siku ya tano mke wangu, aliyekuwa anachambua mboga ya lengalenga bila kuinua macho, akasema, "Weye unatafutiaka bantu bote bafu yabo. Ya kwenu njo unaogopa." Yaani wafu wa wengine nawatafuta, wa kwetu namwogopa. Jumatatu iliyopita nilipanda lori la Mama Kavira, ganti imefungwa ndani ya taulo, mapajani, kama Mama alivyokuwa ameishika.

Mwenye nyumba ile ya Kasenga anaitwa Mama Mwansa. Ni mwanamke wa umri wangu, mikono yake inanuka moshi wa samaki, na baba yake alikuwa mvushaji wa mtumbwi pale kwenye mto Luapula, kutoka kwetu kwenda upande wa pili ambao siku hizi ni Zambia. Sikumweleza kitu. Nilifungua taulo. Aliitazama ya kwangu, akaingia ndani akatoka na ya kwake, akaziweka juu ya mkeka, kidole gumba kinatazamana na kidole gumba. Ya kwake ilikuwa na makovu ya miiba ya samaki. Kwao ilikuwa ya kutolea samaki wakali kwenye wavu. Kumbe nao hawakuiacha ikae bure.

"Baba alisemaka mukono wa kushoto utakuya siku moja," alisema. "Mumekawia."

Halafu akanihadithia, nami naandika alivyosema, bila kuongeza. Usiku mmoja wa vita lori la samaki, lililokuwa linarudi tupu kutoka Lubumbashi, lilisimama karibu na kivuko. Walishuka wawili: mtu mmoja mweusi mwenye shati la damu, na mzungu mmoja aliyevaa koti la reli. Siku zile mzungu mwenye koti la reli hakuulizwa njiani. Walidhani ni mkubwa wa kazi. Mkono wa kushoto wa mzungu ulikuwa umekatwa vibaya na ulifungwa kwa kitambaa, na damu ilikuwa yake. Yule mtu mweusi alikuwa amembeba mgongoni kutoka pale ndege ilipoanguka mpaka barabarani. Mvushaji hakuuliza mzungu alirusha ndege ya upande gani wa vita. Mtu wa reli naye alisema hajauliza. Mpaka leo Mama Mwansa hajui, na mimi sijui, na nimeamua nisikisie.

Kabla ya kuingia mtumbwini, mzungu hakuwa na kitu cha kutoa. Vyote vyenye alama ya jeshi walikuwa wamevifukia. Alikuwa na ganti zake tu. Akampa mmoja ya kushoto, mwingine ya kuume, akaonyesha kwa ishara kwamba siku moja zikutane. Akataka kurudisha koti. Mtu wa reli akakataa, akamfunga vifungo mwenyewe, kama anayemvisha mtoto aende shule. Na mvushaji alipomuuliza jina akasema hapana: asilolijua hatalisema akipigwa. Akasema hata mke wake hatamwambia, ili askari wakija aape bila kutenda dhambi.

Nilimwambia Mama Mwansa kwamba hadithi ni nzuri. Nikamwambia pia, kwa haki, kwamba mtu wa reli anaweza kuwa mtu yeyote, na kwamba mvushaji labda alipamba. Mzee kama mimi anayetaka sana jambo fulani liwe kweli anapaswa kujihadhari. Hakukasirika. Aliingia tena ndani, akarudi na bahasha iliyotumwa zamani kupitia misheni ya pale. Ndani mlikuwa na picha moja nyeusi na nyeupe.

Mwanamume wa makamo, kipara kimeanza, amekaa kwenye ngazi za nyumba. Mtoto mdogo yuko gotini kwake. Mkono wa kushoto una kovu refu. Amevaa koti zito lenye vifungo vinavyong'aa, na mkono wa kuume umemzunguka mtoto, kwa hiyo kiwiko kinatutazama sisi. Kwenye kiwiko kuna kiraka cha maua makubwa.

Bustani.

Nilikaa chini pale pale penye magamba ya samaki. Mama Mwansa aliniletea maji, akaniacha. Nyuma ya picha palikuwa na Kifaransa, nikakisoma polepole na kidole. Anamwomba mvushaji amsalimie bwana wa reli, ambaye jina lake hakuwahi kulijua. Baridi ya kwao ni kali, na koti bado linafanya kazi. Mvushaji alitaka kuifikisha salamu, lakini Lubumbashi ni kubwa, na watu wa reli walikuwa maelfu, wote na makoti.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza kwa nini Baba hakusema hata vita vilipokwisha. Nina makisio tu. Huenda aliogopa kuitwa msaliti, maana huku kwetu kila upande ulikuwa na watu wake na kumbukumbu ndefu. Huenda alishazoea kunyamaza. Na huenda, hili ndilo nililolifikia lori likiwa linaingia mjini, alichelewa kidogo tu: alipokuwa bado anatafuta siku nzuri ya kumwambia Mama, Mama alikwisha kumwandikisha mzungu katika misa ya wafu. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

Sasa nije kwenye leo. Nilirudi siku ya Alhamisi, na orodha ilikuwa imeshanakiliwa. Sikuwa na nguvu ya kwenda kueleza. Asubuhi nilikaa kwenye benchi letu, kofia mkononi. Mvua ilikuwa haijaanza. Katekista, kijana wa sasa mwenye miwani, akasoma: marehemu Kabange, marehemu Ngoie, marehemu Mwenye Ganti.

Nikamwona yule mwenye kipara, na mtoto gotini, amevaa Bustani, anaota jua kwenye ngazi za nyumba yake, na huku sisi tunamwombea pumziko la milele kwa bidii. Kicheko kikanipanda kutoka miguuni. Nikafunika uso kwa kofia. Mabega yakaanza. Benchi likatikisika, na hapo ndipo nilipoujua mtikisiko ule. Niliujua kwa makalio, kama mtoto. Baba hakuwa analia. Miaka yote ile, Baba alikuwa anacheka.

Labda alikuwa analia pia. Macho aliyafuta kweli, siwezi kumnyima. Lakini mikate ile ya mafuta sasa najua ilikuwa mikate gani, na najuta kwamba niliila kwa woga.

Mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Ni Ilunga, mzee mwenzangu sasa, mwenye fimbo. Baada ya misa tulisimama mlangoni kungojea mvua.

"Pole, ndugu," alisema. "Ule muntu anakuliza mpaka leo."

"Silii, Ilunga. Ninacheka."

Nikamweleza yote, na picha, aliyoniazima Mama Mwansa, nilikuwa nayo mfukoni ndani ya plastiki. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Akaweka kidole juu ya kiraka.

"Basi miye nilikupigaka bure."

Nikamwambia hapana, shati lilikuwa na damu, na hata mama yangu aliliona kama yeye. Mtoto aliyesema alichokiona hana kosa. Akafikiri, akarudisha picha.

"Na mama yako alimuombea muntu muzima miaka yote?" alisema. "Njo maana ule muzungu alizeeka."

Tulicheka mpaka katekista akatoka kuangalia. Nikamuuliza katekista kama jina liondolewe. Akasema rubani yule, kwa umri, huenda sasa amekufa kweli, na sala haipotei, inangojea. Basi limebaki. Naona ni haki.

Enzi zetu, siwezi kusema zilikuwa bora. Tulicheza na vipande vya ndege ambamo mtu alitoka damu. Tulikuwa na vita, nao wa sasa wana simu, na ningechagua simu. Lakini kuna kitu nakitamani. Siku hizi mtu akimpa mwenzake kilo ya unga, anapigwa picha ameushika, na kabla haujapikwa dunia nzima imeshaona. Baba yangu alimpa mtu koti lake na maisha yake, akarudi nyumbani, akanawa, akala, akalala. Akakubali mpaka kitandani kwake aonwe muuaji. Nilikuwa na mtu kama huyo benchi moja, bega kwa bega, na nilimwogopa. Ningempata leo hata kwa dakika moja, nisingemuuliza kitu. Ningemwambia tu, "Bustani inakuja."

Mama Mwansa alitaka nichukue ganti zote mbili, alisema kila moja imekaa peke yake vya kutosha. Nilikataa, maana ya kuume ni ya baba yake. Tumekubaliana hivi: wakati wa mvua zikae kwangu, kiangazi zikae kwake, na Mama Kavira azibebe na samaki. Nilikuwa nimeziweka mezani, nikitafuta kioo cha kuzifunikia.

Jioni mvua ilipokatika, inswa, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza, walijaa kwenye taa, wajukuu wakaacha simu wenyewe bila kuambiwa, wakawafukuza na beseni uani huku wanapiga kelele zilezile zetu. Mke wangu aliwakaanga na chumvi tu. Sufuria ya bukari ilipoiva aliangaza huku na huku, akaziona zile ganti mezani, akazivaa zote mbili. Nilifungua mdomo nimkataze, nikaufunga. Ameipua kwa mikono miwili. Tumekula bukari, inswa, na samaki wa Kasenga.